Kibanja Kilichopakwa Kijani

Ma Kokuberwa wa Isingiro hakumsalimia mwenyekiti wa kijiji, Ta Deodatus, kwa miaka mitano mizima, na waliomuuliza kwa nini aliwajibu kwamba yeye Kokuberwa ni mnyama wa msituni, na mnyama wa msituni hana salamu. Akimwona mwenyekiti anapandisha kilima kwa pikipiki, anasimama, anangoja afike karibu, kisha anatema mate. Hatemi pembeni, anatema mbele ya gurudumu. Kanisani walikuwa usharika mmoja, na mchungaji akisema watu wapeane mkono wa amani, Ma Kokuberwa anainama chini ya benchi kutafuta kiatu. Kila Jumapili kiatu kilipotea.

Kisa chake kilianza na rangi.

Walikuja watu wa mradi na gari jeupe lenye antena ndefu kama fimbo ya kuchungia ng'ombe. Mkubwa wao aliitwa Adelard, mtu wa Muleba, mtaalamu wa misitu. Alikuwa kijana wa watu, mwenye adabu, shikamoo yake anaitoa yote hajaikata. Maneno yake yalitoka kama yamepigwa pasi. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: alipenda milima ya maboksi kuliko milima aliyoiweka Mungu.

Akaitisha mkutano, akaeleza kwamba siku hizi msitu haupangwi kwa miguu, unapangwa kwa modeli. Kwanza wananchi wenyewe watajenga modeli ya kijiji kwa mikono yao, milima kwa mabonde, juu ya meza. Kisha kompyuta itaila ile modeli pamoja na picha zilizopigwa na setilaiti kutoka angani, na ikishashiba itasema kijiji kitakuwaje miaka thelathini ijayo.

Mzee mmoja akauliza, kama inajua ya miaka thelathini, je, mvua za vuli hii zitanyesha?

"Hiyo ni idara nyingine, mzee wangu," akasema Adelard.

Mradi ulisema kila mtu ashirikishwe, na kweli wote walishirikishwa. Wanaume walipewa maboksi, gundi na brashi. Wanawake walipewa sufuria.

Alfajiri ya siku ya kazi, Deodatus mwenyewe alikwenda kwa Ma Kokuberwa kupiga hodi. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji na mwenyekiti wa kamati ya misitu, na kama kungekuwa na kamati ya kuvuta hewa angekuwa mwenyekiti wa hiyo pia.

"Ma Kokuberwa, wageni wetu tukiwalisha ndizi za mnadani watatudharau. Kibanja kama chako hakuna hapa kwetu."

Na haikuwa uongo. Kibanja kile aliolewa akakikuta kimechoka, migomba imekonda kama vijiti vya mishikaki. Akakilisha samadi aliyoibeba kichwani, akakifunika nyasi alizokata rweya, kule mbugani, kila kiangazi, mpaka migomba ikanenepa na kahawa ikakaa chini ya mihumula, miti mikubwa ya kivuli, hata ukadhani umeingia kanisani. Mume wake amezikwa humo, kando ya kifungua mimba wao. Basi akasifiwa, akasifika. Akakata mikungu bora aliyokuwa nayo, akaibeba mpaka jiko la ukumbi wa usharika, akakaa na wenzake kumenya.

Mchana Benadeta, jirani yake, ndiye aliyeingiza chakula ukumbini. Alirudi na sinia tupu, sura imemkaa vibaya.

"Kokuberwa, kwako kwenye lile limlima lao ni wapi?"

"Juu ya kijito, chini ya jabali. Wewe si unapita hapo kila siku?"

"Basi wamekupaka kijani."

"Kijani ndiyo nini?"

"Njano mashamba. Bluu maji. Kahawia rweya. Kijani msitu."

Ma Kokuberwa akafuta utomvu wa ndizi mikononi, akaingia. Wanaume wameizunguka meza, vidole vimegandana kwa gundi, wanashindania vilima kama watoto wanaogombea mpira wa majani. Katikati yao Deodatus, brashi mkono wa kulia, kipande cha ndizi mkono wa kushoto, shavu limevimba.

"Ta Deodatus, hapa ni kwangu."

"Ni kwako, mama. Nani amekataa?"

"Mbona kijani?"

"Njano imeisha," akasema, akameza.

Ma Kokuberwa akaangalia njano ilikokwenda. Kibanja cha Deodatus njano. Shamba lake la mikaratusi, miti mitupu iliyosimama kama askari, njano. Bonde la kijiji ambalo hakuna mtu aliyempa, njano. Hata pale anapofunga ndama, njano. Mlima mzima ulikuwa kama mtoto amemwagiwa uji.

"Njano yote umejipaka wewe."

"Tutasahihisha baadaye, Ma Kokuberwa. Hili ni boksi tu."

"Na hizo ndizi zilizo mdomoni mwako zimetoka kwenye boksi?"

Wanaume wakacheka. Hata Adelard akatabasamu, akamwambia mama asijali, hii ni rasimu. Ma Kokuberwa hakujua rasimu ni nini, ila alijua kwamba neno ambalo mtu hawezi kukusemea kwa lugha yako si neno jema. Akarudi jikoni. Nyuma yake akasikia wanapiga picha.

Waliporudi na majibu ya kompyuta walitandika shuka jeupe ukutani, wakawasha mashine ya kumulika. Pale pa Ma Kokuberwa hapakuwa kijani tu, palikuwa kijani kibichi cha kuiva, na pameandikwa *kiini cha msitu*.

"Hapa tuna uhakika mkubwa," akasema Adelard kwa furaha. "Wananchi wenyewe wamesema ni msitu, na setilaiti nayo imekubali. Ushahidi wa pande mbili."

"Setilaiti imeona nini kwangu?" akauliza Ma Kokuberwa.

"Vilele vya miti, mama. Miti mikubwa iliyoshikana."

"Hiyo ni mihumula ya kivuli cha kahawa. Chini yake kuna migomba."

"Kutoka juu migomba haionekani."

"Basi huyo anayechungulia kutoka juu ashuke. Ngazi ninayo."

Watu wakacheka, na Adelard naye akacheka, akaendelea na kazi, maana katika semina zao kicheko cha wananchi huhesabiwa kuwa ni kukubali.

Katikati ya kijani kulikuwa na nukta nyekundu. Adelard akaieleza kwa upole, kama daktari anayetoa majibu: kompyuta imegundua kaya moja iliyovamia msitu. Kisha akaonyesha kesho ziko tatu. Kesho ya kwanza, mambo yakienda kama yanavyokwenda, vilima vinakuwa upara kama kichwa cha mzee. Kesho ya pili, afadhali kidogo. Kesho ya tatu ndiyo nzuri: kiini cha msitu kinaungana na msitu wa ng'ambo ya bonde, wanyama wanapita, kijito kinajaa, ndege wanalia. Na nukta nyekundu haipo.

"Mimi nimekwenda wapi?" akauliza Ma Kokuberwa.

Adelard akatazama karatasi yake. "Katika kesho hii, mama, umehama kwa hiari."

Mkutano ukapitisha kesho ya tatu kwa kunyoosha mikono. Nani atakataa kijito kijae? Deodatus alinyoosha miwili. Ikakubaliwa kwamba baada ya miaka mitano mpango utapitiwa upya, na kufikia hapo mvamizi awe ameondoka, bila kusukumwa.

Ndipo Ma Kokuberwa akaanza maisha ya msituni. Kwenye njia ya kuingia kwake kamati ilisimika kibao: MSITU WA KIJIJI. USIINGIE NA PANGA. Akakianikia magauni. Mhumula ulipoanguka na kuvunja paa la jiko lake, akaambiwa asiuguse mpaka kamati ije ione kama ulianguka wenyewe. Kamati ilikuja msimu mwingine, ikaona uyoga. Ngedere walipojua kwamba wana mlinzi, walihamia na wajukuu. Na jamaa mmoja aliyekuwa anakuja kumpunguzia majani ya migomba, na majirani waliokuwa wakisaidiana kupalia zamu kwa zamu, wote wakaacha kuja. Nani akamatwe na panga msituni kwa ajili ya shukrani ya bibi kizee?

Akawa anafanya peke yake, na panga lake mwenyewe, na mgongo wake mwenyewe. Ila kilichomuuma hakikuwa mgongo. Jioni anakaa karibu na kaburi la mume wake anamwambia, "Nilikuzika kibanjani kama mtu. Leo umelala msituni kama mwizi aliyeuawa anakimbia." Ndilo lililomkaa kooni. Akiondolewa pale, hao wawili atawaacha na nani, na ngedere?

Deodatus naye huku mikaratusi yake aliikata yote akaiuza kama nguzo. Halikuwa kosa; lilikuwa shamba, modeli ilisema.

Mwaka wa nne ukaja mnyauko. Anayelima migomba ukanda wetu hahitaji kuelezwa: jani linakunjamana na kuwa njano, ndizi inaiva kabla ya kukomaa, ukikata shina linatoa usaha. Na ugonjwa huu hautembei kwa miguu yake. Unabebwa na panga. Umekata majani kwako, umekwenda kumsaidia jirani, jirani amekwenda kumsaidia shemeji yake, na kwa vile watu wa huku tunasaidiana sana, tukaueneza ujirani wote. Isingiro ikanyauka, Kimuli ikanyauka, na mabwana shamba wakapiga marufuku kusafirisha mkungu kutoka kata moja kwenda nyingine. Vibanja viling'olewa vikabaki mashimo. Kwenye ile modeli hapakuwa na rangi ya mnyauko, kwa hiyo mradi haukusema lolote.

Kwa Ma Kokuberwa hakunyauka hata mgomba mmoja. Hakuna panga la mtu lililowahi kuvuka kile kibao.

Sasa katika hali hiyo, Elick, mtoto wa kiume wa Deodatus, akapata mchumba Bugomora. Baba wa binti aliitwa Karekezi, mzee wa ng'ombe, mwembamba, maneno machache. Washenga wa Deodatus wakamwendea na ahadi ya kreti za bia za kiwandani, nyingi, na soda za akina mama. Karekezi akawasikiliza mpaka mwisho.

"Bia anaweza kuninunulia hata mlevi wa stendi," akasema. "Mimi nataka rubisi ya ndizi. Mtu asiye na rubisi hana kibanja, na mtu asiye na kibanja sina binti wa kumpa."

Washenga wakarudi vichwa chini. Mwenyekiti aliyepakwa njano kuliko mtu yeyote hapa duniani hakuwa na mgomba wa embiire, yaani ndizi za pombe. Embiire zake zote alizing'oa akazifukia. Na wilaya nzima ukiuliza nani bado ana embiire zilizokomaa, watu wanaangalia chini, kwa sababu jibu wanalijua.

Kwanza Deodatus akamtuma Benadeta. Ma Kokuberwa akamwambia Benadeta anywe chai aende. Akamtuma mke wake. Mke akapewa kiti, akapewa senene, akapewa habari za mvua. Neno la ndizi kila likipanda linashushwa. Mwisho akaja mwenyewe, kwa miguu, pikipiki ameiacha chini. Benadeta alikuwa pale anachambua maharage.

"Hodi hapa, Ma Kokuberwa. Habari za hapa?"

"Mwenyekiti, umeshika panga. Soma kibao."

Deodatus akaliweka panga chini, nje ya kibao.

"Nimekuja na shida, mama yangu."

"Leo nimekuwa mama yako. Mvamizi amekwenda wapi?"

"Mtoto anaoa. Nimekuja kuomba embiire."

"Msituni?"

Benadeta akaacha kuchambua.

"Ta Deodatus, wewe ndiye kamati. Kutoa kitu msituni ni kosa, na msituni hakuna ndizi. Kuna ngedere. Kamata wawili ukawakamue."

"Ma Kokuberwa, tusitaniane. Hapa ni kibanja, kila mtu anajua."

"Sema tena. Benadeta sikio moja limeziba."

"Ni kibanja. Haya. Tuyamalize hapa, mimi na wewe."

"Hukuniharibia mimi na wewe. Uliniharibia ukumbini, watu wamejaa, mdomo wako umejaa ndizi zangu." Akaketi vizuri. "Mkutano wa kupitia mpango uko karibu. Yule mtoto wa Muleba anakuja na shuka lake. Utasimama hapo useme uliyofanya. Ukishasema, utakata mikungu unayotaka."

"Unataka kunidhalilisha mbele ya watu."

"Nataka kukupa ndizi. Kudhalilika utafanya mwenyewe."

"Na nikisema baada ya harusi? Ndizi zinataka kulala shimoni ziive, zikamuliwe, zichachuke. Siku zinabana."

"Ndiyo maana nisingechelewa, ningekuwa wewe."

Deodatus akatazama mikungu imeinamiana chini ya mihumula. Kisha akaokota panga lake akashuka kilima.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Adelard alikuwa ameota kitambi kidogo, shuka lilelile, mashine mpya. Ile modeli ya maboksi ilikuwa juu ya meza, panya wamekula kilima kimoja, na hakuna aliyeona tofauti kubwa. Adelard akaeleza kwamba kompyuta imelishwa upya, picha mpya, na kiini cha msitu kinaendelea vizuri sana, ila nukta nyekundu bado ipo. Kwa hiyo hoja ya leo ni moja: kaya hiyo ihamishwe lini na ipelekwe wapi. Mama mwenyewe yupo, tumsikilize, lakini kwanza kamati.

Ma Kokuberwa alikaa benchi la mbele, mikono juu ya magoti. Gauni alilovaa ndilo alilovaa kumzika mume wake. Ikishindikana leo, alikuwa amemwambia Benadeta, wamchukue akiwa amelivaa.

Deodatus akasimama. Akakohoa. Akaanza na salamu za chama, za kanisa, za kata, akamshukuru mtaalamu, akashukuru mradi, akashukuru mvua.

"Mwenyekiti," akasema Ma Kokuberwa taratibu, "ndizi huiva kwa siku zake."

Ukumbi haukuelewa. Deodatus alielewa.

"Pale siyo msitu," akasema. "Ni kibanja cha Ma Kokuberwa. Nilipaka mimi kijani."

Adelard akainua macho kutoka kwenye mashine. "Ulipaka kwa sababu gani, mwenyekiti?"

"Rangi ya njano iliisha."

Kicheko kilianzia madirishani kikaja mbele. Adelard hakucheka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kwamba Biblia ilichapwa na shemeji yake.

"Lakini setilaiti ilithibitisha."

"Setilaiti haijawahi kula kwake," akasema Deodatus. "Mimi nimekula. Na wewe ulikula, siku ileile. Ulirudia sahani."

Adelard alikumbuka sahani.

Deodatus akataka kukaa. Ma Kokuberwa akasema, "Bado. Njano iliishia wapi?"

"Si nimeshasema, mama?"

"Umesema iliisha. Hujasema nani aliimaliza."

Mwenyekiti akatazama mlango. Mlangoni alikuwa amesimama Elick, bwana harusi, anamtazama baba yake kama mtu anayetazama sufuria ichemke. Basi akasema. Akasema mikaratusi yake ndiyo ilikuwa miti mitupu, akaipaka shamba. Akasema bonde ni la kijiji. Alipofika pale anapofunga ndama watu walikuwa wanalia kwa kucheka na yeye jasho linamtoka mpaka kwenye kola.

Adelard, kwa kuwa ni mtu wa kazi yake, hakugombana na mtu. Akainamia mashine akabonyeza, akabonyeza. Kwenye shuka, mlima wa Ma Kokuberwa ukageuka njano kutoka juu mpaka kijitoni. Ile nukta nyekundu ikawa nukta nyeusi ya nyumba, kama nyumba nyingine yoyote ya Mkristo. Halafu kompyuta, ambayo haijui mwenyekiti wala mvamizi, ikaendelea na hesabu zake. Pale pa mikaratusi pakawa kijani, na pameandikwa *msitu ulioharibiwa*. Bonde likawa la kijiji. Na kando yake, pale pa kufungia ndama, ikawaka nukta nyekundu.

"Kaya moja," akasoma Adelard kwa sauti yake ileile ya upole, "imevamia." Akamgeukia Deodatus. "Mwenyekiti, katika kesho ya tatu inaonyesha unapanda miti upya na kuondoa zizi."

"Kwa hiari?" akauliza Benadeta.

"Kwa hiari," akasema Adelard.

Mikono ikanyooshwa kupitisha, na safari hii Ma Kokuberwa naye alinyoosha wake, mmoja, akaushikilia juu mpaka kila mtu amekwisha kushusha.

Nje, watu wakitawanyika, Deodatus alimfuata pembeni ya ukuta, mke wake nyuma yake na magunia matupu begani.

"Nimesema yote, Ma Kokuberwa. Umesikia."

"Nimesikia."

"Basi tumesameheana."

Ma Kokuberwa alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia, bila haraka, kama anayenunua ng'ombe na amekwisha kuamua hamnunui.

"Nilisema nitakupa ndizi," akasema. "Msamaha hatukuuzungumza."

Akamshika mke wa mwenyekiti mkono, akatangulia naye kilimani kumwonyesha mikungu iliyokomaa.